Matumbawe Nyuma ya Kioo: Safari ya Monaco na Marseille

Watu husafiri kwa sababu nyingi: wako wanaofuata biashara, wako wanaofuata elimu, na wako wanaowafuata jamaa zao waliotawanyika ughaibuni. Azma iliyonipeleka mimi katika pwani ya kusini ya Ulaya ilikuwa kumtazama polipu wa matumbawe ana kwa ana, na kuichukua taswira yake kwa karibu kiasi cha kuweza kuhesabu minyiri inayouzunguka mdomo wake. Huenda msomaji akastaajabu kwamba mtu wa Unguja, ambaye kisiwa chake kimezungukwa na matumbawe pande zote, ayafuate mpaka kwenye Bahari ya Kati. Lakini kwetu kuna mawimbi, kuna mchanga utimkao, na pumzi ya mpiga mbizi ina kikomo, ilhali nyuma ya kioo cha tangi tumbawe hukaa mahali pamoja chini ya nuru isiyobadilika, na mwanafunzi hupata wasaa wa kutazama, kupima na kurudia. Makala hii nimemwandikia huyo anayeanza, awe na kamera ya thamani kubwa au simu ya mkononi tu.

Nilitoka Genoa kwa garimoshi asubuhi, reli ikiandama pwani, mara ndani ya matumbo ya milima na mara juu ya fukwe, nikavuka mpaka hapo Ventimiglia, na kabla ya adhuhuri nikashuka Monaco, ambako stesheni yenyewe imechimbwa ndani ya mwamba. Nikapanda hadi mji mkongwe ulio juu ya jabali, na ukingoni mwa jabali hilo nikaliona Jumba la Makumbusho ya Bahari, ambalo ukuta wake unaoelekea majini umeinuka kadiri ya mita 85 juu ya bahari. Lilijengwa kwa amri ya Mtawala Albert wa Kwanza, mtu aliyekuwa mtawala na baharia pamoja, aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kuichunguza bahari kwa merikebu zake mwenyewe; jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1899, na milango ikafunguliwa mwaka 1910. Tangu 1957 hadi 1988 jumba hilo liliongozwa na Jacques-Yves Cousteau, ambaye filamu zake ziliwafunulia walimwengu mambo ya chini ya bahari ambayo hapo kabla yalijulikana na wapiga mbizi peke yao.

Matangi yako katika sehemu ya chini ya jumba, mahali pa kiza cha kiasi, na hapo ndipo nilipokusudia kufika. Mwaka 1989 mtaalamu Jean Jaubert alileta hapo kipande cha mwamba hai kutoka Djibouti, karibu na mlango wa Bahari ya Shamu, akakitia katika tangi lenye maji ya lita 40,000 kadiri yake, na kwa hekima yake matumbawe hayo yakaishi na kukua mbali na kwao. Siri ya njia yake ni tabaka nene la mchanga lililoinuliwa juu ya nafasi yenye maji matupu, ambamo bakteria wasiohitaji hewa nyingi huziondoa taka ambazo zingeyadhuru matumbawe. Nilifurahi kukumbuka kwamba miongoni mwa walimu wa elimu ya Ulaya ya kufuga matumbawe walikuwamo wageni kutoka pwani ya Afrika, upande wetu wa dunia.

Sisi watu wa pwani tumeyajua matumbawe tangu kale, ila tumeyajua kwa njia nyingine. Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja ni mawe ya matumbawe, chokaa iliyozipaka ni matumbawe yaliyochomwa, na katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani yamo maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladi, yaliyochongwa katika jiwe la tumbawe. Mafundi wa zamani walilitwaa tumbawe la aina ya Porites likiwa bichi kutoka majini, kwa kuwa katika hali hiyo hukatika na kuchongeka kwa wepesi, kisha likikaa hewani hukakamaa na kudumu karne nyingi. Tumezaliwa, tumelala na tumesali baina ya matumbawe. Lakini yale tuliyoyazoea ni mifupa iliyoachwa na wenyewe. Yule mwenyewe aliyeijenga mifupa hiyo, mnyama mwenye mdomo, tumbo na minyiri, ambaye katika jamii ya matumbawe magumu huwa na minyiri sita au mafungu ya sita, na katika jamii ya matumbawe laini huwa na minyiri minane, ni wachache miongoni mwetu waliopata kumwona. Kwa sababu hiyo naiona picha ya karibu kuwa ni zaidi ya pambo la ukutani: ni njia ya kumjua jirani tuliyeishi ndani ya nyumba yake bila ya kuonana naye.

Kabla ya kuitoa kamera mkobani nilisimama mbele ya tangi na kutazama tu, na huu ndio wasia wa kwanza nimpao mwanafunzi. Matumbawe ya aina ya Euphyllia yalikuwa yameinyoosha minyiri yao mirefu yenye ncha za mviringo, ikilala upande mmoja kila mkondo ulipopita na kusimama wima mkondo ulipotulia. Na jirani yao Acropora wa matawi alikuwa ametulia tuli, polipu wake wadogo, wa milimita moja au mbili, wakichungulia kutoka katika vikombe vyao vya mawe. Anayetazama kwa dakika chache atajua mengi ambayo kamera haiwezi kumwambia: ni tumbawe lipi lililofunguka vizuri na lipi limejikunja, mkondo huja kwa vipindi gani, na ni polipu yupi aliye karibu zaidi na kioo. Mchague mmoja. Tangi zima halipigiki picha ya karibu, na jicho linalotaka kila kitu kwa pamoja hurudi na picha isiyo na habari.

Wasia wa pili ni juu ya kioo, kwa sababu picha nyingi huharibika hapo hata kabla ya lenzi kufanya kazi yake. Upande wa nje ufutwe kwa kitambaa laini ili ziondoke alama za vidole na ukungu wa pumzi za wageni waliotangulia. Kisha lenzi isimamishwe sawasawa mbele ya kioo, bila ya kuinama upande wowote, kwa maana nuru itokayo majini ikapita katika kioo na kuingia hewani hupindika njiani. Anayepiga kwa mshazari huiona picha yake imefifia, na kingo za vitu zimevuja rangi nyekundu na za samawati ambazo tumbawe halinazo. Kupindika huko ndiko kunakofanya kitu kilichomo majini kionekane kipo karibu, kadiri ya robo tatu ya umbali wake wa kweli, na ndiko kunakomdanganya mgeni asijue kwa nini mkono wake unalikosa alilolilenga. Matangi yenye vioo vya kuviringana huzidisha taabu hiyo, basi mwanafunzi na atafute penye kioo kilichonyooka. Ama mwako wa taa na vivuli vya watu vinavyoonekana juu ya kioo, dawa yake ni kuvaa nguo nyeusi au za rangi nzito, na kuisogeza lenzi hadi ukingo wake wa mpira uguse kioo kwa upole, usiruhusu nuru ya chumba kupita katikati.

Taa ya kamera katika matangi ya hadhara na izimwe kabisa. Ikipigwa mbele ya kioo humrudia mpigaji kama pigo jeupe linaloifunika picha yote, na fauka ya hayo huwashtua samaki ambao hawana pa kukimbilia. Nuru iliyopo na itoshe, na kama haitoshi ni kazi ya mpiga picha kuipa kamera muda au wepesi wa kuipokea. Louis Boutan, aliyepiga picha chini ya maji huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893, katika pwani hii hii ya Ufaransa, alifanya kazi kwa sanduku zito na sahani za kioo, akiilazimisha nuru haba iandike taswira taratibu. Sisi tumerithi vyombo vyepesi mara nyingi zaidi ya vyake, na kilichobaki kwetu kujifunza ni ile subira yake.

Sasa nije kwenye lenzi. Lenzi ya makro ya urefu wa milimita 90 hadi 105 ndiyo rafiki wa mwanafunzi, kwa kuwa humwezesha kukaa mbali kidogo na kioo na bado akaipata taswira yenye ukubwa sawa na kitu chenyewe. Lakini ukaribu una gharama yake. Katika ukubwa huo, ukilifungua tundu la lenzi kwa f/8, sehemu inayoonekana kwa ukali ina unene wa milimita moja tu kadiri yake. Mdomo wa polipu ukiwa mkali, ncha za minyiri yake zitakuwa zimekwisha kuyeyuka. Ukilifinya tundu hadi f/16 unene huo huzidi mara mbili, ila nuru hupungua mara nne, na ukizidi hapo picha nzima huanza kupoteza ukali wake. Basi almuradi ni kuchagua: mimi aghalabu hukaa baina ya f/8 na f/11, nikamsogelea polipu ambaye uso wake umelala sambamba na kioo, ili minyiri yake yote iwe katika umbali mmoja. Kulenga nakufanya kwa mkono, si kwa mashine. Huiweka lenzi katika kipimo cha ukaribu nikitakacho, kisha huisogeza kamera yote mbele na nyuma polepole, nikipiga pale mdomo wa polipu unapodhihiri.

Kwa minyiri inayopepea kasi isipungue 1/125 ya sekunde, na 1/250 ni bora. Kwa Acropora asiyetikisika hata 1/60 hufaa, maadamu kamera imekaa juu ya stendi ya miguu mitatu au imeegemezwa mahali imara, na kitufe kikabonyezwa kwa saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili ili mtikisiko wa kidole usifike kwenye picha. Palipo na giza ruhusu ISO, yaani wepesi wa kamera kuipokea nuru, ipande: chembechembe katika picha husameheka na hupunguzika baadaye, lakini taswira iliyotikisika haina tiba. Mkondo nao una pumziko lake. Mwenye kuungoja hadi minyiri isimame, kabla haijalala upande wa pili, atapiga mara moja apate kile ambacho mwenye pupa hakipati kwa kupiga mara nyingi.

Kutoka Monaco niliendelea na garimoshi kuelekea magharibi, nikapita Nice, Cannes na Toulon, hata nikawasili Marseille, mji wenye jamii kubwa ya Wangazija, ambao wazee wao wengi walifika kwa kazi za melini. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja wa jamii hiyo, baharia mstaafu aliyejifunza Kiswahili Unguja katika ujana wake, naye sebuleni kwake alikuwa na tangi la matumbawe alilolitunza kwa uangalifu wa mtu mwenye amana. Hakununua hata tumbawe moja lililong'olewa baharini. Yote yalikuwa vipande vilivyokatwa kutoka katika matumbawe ya wafugaji wenzake, vikashika na kukua juu ya mawe ya tangi lake. Nilimsifu kwa hilo, kwa maana matumbawe magumu yote yamo chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa juu ya biashara ya viumbe walio hatarini, na mpenzi wa kweli wa kitu hakifuati kwa njia inayokimaliza.

"Karibu, mwanangu," aliniambia. "Zima hizo pampu kwanza, maji yatulie. Lakini usisahau kuziwasha tena, maana hawa wanavuta pumzi kwa mwendo wa maji."

Nikamwitikia, "Nimesikia, mzee wangu."

Hapo ndipo dhahiri ilipoonekana tofauti ya tangi la nyumbani na la hadhara. Nyumbani mtu ni mwenye amri: aweza kusafisha ukoga wa ndani ya kioo kwa sumaku yenye brashi, kisha akangoja saa nzima vumbi litue, aweza kuzima taa za chumba, aweza kuzima pampu kwa dakika chache, maji yakawa shwari, akapiga picha kutoka juu bila ya kioo chochote katikati. Picha za juu zina uzuri wake, kwa sababu matumbawe huielekeza rangi yake bora kule inakotoka nuru. Na mwenye taa ya kamera inayoweza kutengwa na kamera aiweke juu ya tangi, ikimulika kutoka angani kama jua limulikavyo mwamba, wala asiielekeze kwenye kioo. Saa njema ni ile ya mwisho kabla ya taa za tangi kuzimwa, au muda mfupi baada ya kuwalisha, ambapo polipu wengi huwa wametoka kikamilifu.

Mjukuu wa mzee hakuwa na kamera, ila simu, na alidhani kwamba simu haifai kwa kazi hii.

"Mjomba, simu yangu inageuza kila kitu kuwa buluu," alilalamika.

Malalamiko hayo ni ya kila anayeanza, na sababu yake ni moja. Taa za matangi ya matumbawe zimetengenezwa ziige nuru ya kina cha bahari, nazo zina usamawati mwingi, aghalabu wa Kelvini 14,000 hadi 20,000, ilhali mizani ya rangi nyeupe katika kamera nyingi hukomea Kelvini 10,000. Kamera hujaribu kusawazisha isiweze, na rangi ya samawati hufurika hadi kuzifuta nyingine zote. Nilimfundisha haya: abandike kilenzi cha makro juu ya lenzi ya simu, ashike kidole juu ya kioo cha simu hadi ulengaji na mwangaza vifungwe, apunguze mwangaza kidogo kuliko simu inavyotaka, ili rangi za tumbawe zisiungue, asiikuze picha kwa vidole, bali ajisogeze mwenyewe, na mbele ya lenzi aweke chujio la rangi ya machungwa linaloizuia ile samawati iliyozidi. Mwenye kamera inayohifadhi faili ghafi na aitumie njia hiyo, atie kipande cha plastiki nyeupe ndani ya tangi, akipige picha chini ya nuru ile ile, kisha akifanye kuwa hakimu wa weupe atakaposawazisha rangi. Kijana alipoliweka chujio, matumbawe yaliyokuwa yamezama katika usamawati yakadhihirisha kijani cha zumaridi, na midomo ikawa ya rangi ya machungwa, naye akaita nyumba nzima waje waone.

Rangi zile si uzushi wa chujio. Ndani ya mwili wa tumbawe zimo protini zinazoipokea nuru ya samawati na kuitoa ikiwa na rangi nyingine, na mwaka 1999 wanasayansi wa Urusi walitangaza kuzipata protini za namna hiyo katika matumbawe na jamaa zao, kwa kuwachunguza viumbe waliofugwa katika matangi mjini Moscow. Tangu hapo protini hizo zimekuwa chombo kikubwa cha maabara za tiba, zikitumika kuzitia alama seli hai ili mwenendo wake ufuatiliwe. Basi anayeichukua picha hiyo kwa uaminifu hupiga taswira ya jambo lenye maana. Na uaminifu ndio nusu ya kazi yote. Katika mitandao huonekana matumbawe yenye rangi ambazo hazikupata kuwako duniani, zilizozidishwa na mkono wa mpiga picha hadi mnunuzi akalipa thamani ya kitu ambacho hatakiona nyumbani kwake. Kanuni yangu ni nyepesi: picha ikikamilika, niiweke kando ya tangi, na macho yakiona tofauti, macho ndiyo yaaminiwe.

Naisisitiza kanuni hiyo kwa sababu rangi ya tumbawe ni habari ya afya yake. Rangi ya hudhurungi iliyo chini ya zile nyingine hutokana na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wa polipu na kumlisha kwa sukari inayotengenezwa kwa nuru. Maji yakipata joto la kupita kiasi ushirika huo huvunjika, mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe, lenye njaa, likingoja kupona au kufa. Mwaka 1998 msiba huo uliipitia Bahari ya Hindi ya magharibi, ukaangamiza matumbawe mengi mno, na tangu hapo umerudi. Chumbe, kisiwa jirani na Unguja, mwamba wake umehifadhiwa kwa sheria tangu 1994. Lakini hakuna sheria iwezayo kulizuia joto lisivuke mpaka, na kwa hiyo yahitajika macho mengi yenye kujua kuutambua ugonjwa mapema.

Kwa hiyo natoa wasia wa mwisho kwa kijana wa Tanga, wa Mombasa, wa Pemba au wa Moroni aliyependa kazi hii. Akipata tangi popote alipo, ajifunze mbele yake kuzimiliki nuru, umbali na subira, kwa kuwa mkono uliozoea mbele ya kioo hautababaika siku utakapoingia baharini. Kila picha aiandikie tarehe, mahali, aina ya nuru na vipimo vya kamera, na amrudie polipu yule yule chini ya nuru ile ile mwezi baada ya mwezi, ili picha mbili ziweze kulinganishwa na mtu yeyote bila ya ubishi. Picha moja nzuri huwafurahisha watazamaji. Mfululizo wa picha zilizopigwa kwa kanuni moja huwa ushahidi, na pwani yetu, ambayo imejengwa kwa matumbawe tangu misingi hadi mihirabu, inawiwa na matumbawe hayo mashahidi waadilifu.